Kijiko cha Supu

Usiku wa tatu nalala na macho ya watu.
Yamejaa kitabuni, makubwa kama sahani:
jekundu, la manjano, lenye kovu jeupe la konea,
na moja la mtoto wa Ayaviri, jina limefutwa kwa wino,
linanitazama kila nikigeuza ukurasa
kana kwamba mimi ndiye ninayeugua.

Juliaca, baridi haibishi hodi.
Natumbukiza miguu ndani ya gunia la sufu,
namimina kahawa juu ya kahawa,
nakariri kwa sauti, kama mtu anayedaiwa:

    Jicho jekundu lauma, taa inavishwa pete,
    kichwa chagonga kwa nyuma, tumbo larudisha vyote,
    mboni wazi, imegoma, mwanga isiufuate,
    leo leo tia hima, kesho nuru asipate.

Vina vya kulazimisha. Mtihani hauulizi vina.

Na mtoto wa jicho, mtoto gani huyu
asiyelia wala kunyonya,
anayekua kimya ndani ya mzee
mpaka siku ameziba dirisha lote?
Na waliosema macho hayana pazia
hawakufika ukurasa wa mia mbili na kumi na moja.
Retina ikibanduka, pazia hushuka kweli,
jeusi, kutoka pembeni,
na hakuna anayepiga makofi.

Saa nne Don Fortunato akaniletea supu.
Bega lake la kulia likagonga mwimo.
"Mlango huu mwembamba," akasema.
Jumatatu alisema hivyo hivyo.
Alhamisi alimkanyaga paka.
Na mototaksi yake, sasa nakumbuka,
imebonyea upande mmoja tu, kulia,
bati limekunjamana kama karatasi ya peremende.

Mezani ukurasa wa tisini ulikuwa wazi.

"Kaa. Ziba jicho la kushoto. Tazama pua yangu."
"Pua ya daktari?"
"Bado si daktari. Tazama."
Nikachukua kijiko kutoka bakuli lake,
nikakileta polepole kwa upande wa kulia.
"Niambie ukikiona."
Kikapita usawa wa sikio. Kimya.
Kikapita mwisho wa nyusi, kikadondosha tone
juu ya mchoro wa neva. Kimya.
Mkono wangu ukaanza kuchoka,
au kutetemeka, sijui.
Kilipokaribia kunigusa pua, akacheka:
"Huyo! Ulikuwa umejificha wapi?"
Alikuwa anaongea na kijiko.

Sikucheka.
Naye akaacha kucheka.

Miaka sitini na miwili, haumwi popote,
anasoma bei sokoni bila miwani.
*Kilichopotea hakirudi,* kitabu kinasema,
*kilichobaki hulindwa kwa matone.*
Nilikuwa nimeupigia mstari wa njano sentensi ile,
kwa sababu mwaka jana ilikuwa na alama mbili.

Akala supu yake ikiwa imepoa, yote,
akafuta mdomo, akauliza matone ni bei gani.
Halafu, akiwa mlangoni, bila kugeuka:
"Leseni yangu inaisha Agosti, Nélida.
Usiandike popote."
Safari hii alipita ubavu ubavu, mkono ukipapasa mbao.

Ijumaa alfajiri, basi la Lima saa kumi na moja.
Nilisema nitatembea. Akawasha injini.
Nilisema tena. Akapakia sanduku langu.
Basi nikakaa nyuma yake, kitabu kimefungwa mapajani,
shingo nimeitoa nje, upepo ukinichoma,
nikisoma barabara kwa niaba yake:
kulia, mbwa.
Kulia, mama na toroli la mikate.
Kulia, shimo, shimo, pole pole.
Kulia hakuna kitu.
Kulia bado hakuna kitu.

Kila mara alijibu, "Nimemwona,"
na kila mara nilijua nani amemwona.